Kibanio Ndani ya Wolzi

Vijana wangu watatu mlioniomba spana ya kukazia nyuzi, nimewasikia. Spana mtaipata. Sikio langu la kushoto limeanza kuniaga, na fundi vinanda wa sikio moja ni sawa na mpishi aliyeungua ulimi: atapika, lakini walaji watavumilia. Kwa hiyo sasa nakaa barazani kwangu hapa Katubuka, na vyombo ni vyenu. Ila kabla sijavikabidhi kuna kinanda kimoja nataka mkijue. Msipokijua mtakiua, na mtakiua kwa nia njema kabisa, kama nilivyokiua mimi.

Mniruhusu nizunguke kidogo kwanza. Mzee akinyooka sana kwenye maneno, jueni anaumwa.

Kigoma si mahali pa piano. Mbao za piano zilikatwa kwenye nchi za baridi, zikaletwa huku kwa reli, na hazijawahi kuyazoea masika. Mvua zikianza, zinavimba na sauti zinapanda. Kiangazi kikikaza, zinasinyaa na sauti zinashuka. Kwa hiyo usikaze nyuzi mvua ikinyesha, hata mwenye piano akulilie. Subiri mvua ziishe, halafu subiri tena wiki mbili ubao utulie. Ukifungua, tarajia panya, maana panya wa huku wanapenda sana ile sufu iliyovikwa kwenye vinyundo vinavyopiga nyuzi. Mimi nimetoa ndani ya piano kijiko cha chai, rozari, jino la mtoto, na mara moja dagaa mkavu mzima ambaye mpaka leo sijui alifikaje. Ndiyo maana mkono wangu ulizoea: fungua, toa takataka, futa, kaza. Mkono uliozoea una faida zake, lakini una kiburi.

Na mafuta yasiguse nyuzi. Hili nitalisema mara nyingi mpaka mnichoke. Mafuta hukamata vumbi, vumbi hukamata unyevu, unyevu huleta kutu, na sauti inakufa polepole bila mtu kujua nani kaiua. Ukitoka kula mgebuka wa kukaanga, nawa kwa sabuni mara mbili. Hiyo ni sheria ya Mzee Sadala aliyenifundisha kazi, na sijaivunja isipokuwa mahali pamoja, ambapo nitapafikia.

Mzee Sadala alikuwa mtu wa Ujiji. Karakana yake ilikuwa ukumbi wa nyuma wa nyumba yake, na mchana, upepo wa ziwa ukiwa umelala na milima ya Kongo imefutika kwenye ukungu wa joto, ungemkuta ameweka sikio kwenye tumbo la kodiani, macho yamefumba. Ulikuwa huwezi kujua kama anafanya kazi au amesinzia. Ujanani alikuwa mchezaji dansi kwenye klabu ya wafanyakazi wa reli, suti nyeupe na viatu vya rangi mbili, na alichokipenda kuliko vyote ni wolzi, ile dansi ya hatua tatu. Siku yangu ya kwanza kazini hakunipa bisibisi. Alinipa kiti.

"Huyu ndiye bibi yako," akasema. "Mshike kiuno. Hatua ya kwanza kanyaga, ya pili na ya tatu teleza. Moja ya kukaa, mbili za kupita."

Nikamzungusha bibi yangu wa mbao ukumbi mzima, nikagonga birika na ndoo, na mkewe Mzee Sadala, Bi Zena, akacheka mpaka akaketi chini. Nilikasirika. Nilikuwa nimetoka kwetu Uha kuja kujifunza ufundi, si kukumbatia samani. Mzee Sadala akaniambia fundi asiyejua kucheza hajui anachokaza, na kwamba wolzi ni rahisi kuijua: ukiicheza ukaanguka, ama wewe mjinga ama mpigaji mjinga. Niliamini hivyo miaka mingi.

Daftari nililipata kwa aibu. Kanisa moja la huku lilikuwa na harmoniamu yenye sauti moja inayokoroma. Nikaitibu, nikajisifu. Krismasi ilipofika, mpiga kinanda, mzee asiyeona, akapotea katikati ya wimbo. Kwaya ikaenda zake, yeye akaenda zake, mpaka padri akaamua kuanza sala kuokoa watu. Kumbe ule mkoromo ndio uliokuwa unamwonyesha njia; vidole vyake vilijua viko wapi kwa kuusikia. Nilirudi Ujiji nikitarajia pole. Mzee Sadala akanipa daftari la shule.

"Humu utaandika ugonjwa kabla ya dawa," akasema. "Piga kila kibonyezo mara moja, toka kushoto mpaka kulia, andika kinaliaje. Usiandike kitaalamu, maana utaalamu huna. Andika unavyosikia."

Nimejaza madaftari thelathini na kitu. Mtayakuta kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na Daria, mke wangu, atafurahi mkiyaondoa.

Sasa tufike. Mnaijua ile nyumba ya wageni ya zamani, kilimani juu ya bandari, yenye ukumbi wa madirisha marefu? Msimamizi wake enzi hizo alikuwa Mama Yunisi, mwanamke aliyekusalimia na kukuamuru kwa pumzi moja. Ijumaa moja asubuhi, kiangazi, wiki chache baada ya kumzika Mzee Sadala, akanipigia simu.

"Fundi Zabroni, habari za asubuhi, njoo. Kinanda kimeingiwa na panya. Kinakohoa. Kuna mgeni wangu mzee anataka kukipiga Jumapili, na mimi sitaki aibu."

Huyo mgeni nilikuja kumjua baadaye, lakini nawaambia sasa ili msihangaike. Alikuwa baba yake Michiko. Michiko mnamjua, yule Mjapani anayepiga mbizi kwenye mawe kuhesabu visamaki vya rangi, aliyekaa huku hadi Kiswahili chake kina Kiha ndani yake. Ukikutana naye asubuhi anakuwahi: "Mwakeye." Babaye tulimwita Baba Michiko, kama desturi yetu. Kwao alikuwa mtunzi wa muziki, tena ule muziki mpya wao ambao kunyamaza kuna kazi sawa na kulia. Mkewe alipougua, alikuwa anamalizia utunzi. Akajiambia atampigia binti simu akishamaliza. Alipoinua simu, kilichobaki cha kumwambia kilikuwa siku ya mazishi, na kutoka Kigoma hakuna usafiri wa kuyawahi mazishi ya Japani. Michiko hakumzika mama yake. Miaka kumi na moja hakujibu barua ya baba.

Basi mzee akaja bila kualikwa, kwa wiki moja. Michiko alimpokea kama mgeni: chai, kiti, habari za safari, basi. Baba alimwomba neno moja tu, aje Jumapili saa kumi amsikilize. Jumatatu alikuwa na ndege. Kuomba radhi kwa mdomo hakukuwa ndani yake. Wapo wanaume hivyo, na hapa kwetu tunao wa kutosha. Alichokuwa nacho ni wolzi moja aliyomtungia marehemu mkewe. Mwanamke yule alikuwa akichechemea tangu utoto.

Mimi Ijumaa ile sikujua hata moja la hayo. Mgeni alikuwa ametoka, nikaambiwa huenda kutembea ufukweni Kibirizi na kurudi na vitu mifukoni. Nikafungua daftari, nikapiga kila kibonyezo. Vibonyezo kumi na tisa vilikuwa wagonjwa. Niliandika, na karatasi ipo hadi leo: *Cha kumi na nne, anabisha hodi kwa kidole kimoja. Cha ishirini na sita, kafi kwenye ubavu wa mtumbwi. Cha thelathini na moja, mtu anakohoa chumba cha pili. Cha hamsini na mbili, anataka kusema, anaacha.*

Ningekuwa na akili ningejiuliza hapo hapo. Panya hachagui. Panya anakula palipo na sufu, hali kwa mpangilio wa nyimbo. Lakini nilikuwa na miaka mingi kazini na sikuwa na maswali. Nikafungua ubao wa mbele, na ndani, katikati ya nyuzi, nikakuta takataka za kila namna: nati mbili, vipande vya kandambili vilivyokatwa vyembamba, vipande vya wavu wa dagaa vilivyokunjwa, vijiti vya tete, kifuniko cha dumu kilichopasuliwa. Nikasikitika kwa jinsi watoto wa wageni wasivyo na adabu. Nikatoa vyote, nikafagia, nikampa msichana wa usafi kizoleo akamwage kwenye shimo la taka.

Vyote isipokuwa kimoja. Kwenye nyuzi za kibonyezo cha hamsini na mbili kulikuwa na kibanio cha nywele, cha madini meusi, miguu miwili, na juu ua dogo lililokwisha kwa kushikwa. Kilikuwa kizuri. Nikakifuta kwa kitambaa, nikakitia mfukoni.

Kisha nikakaza nyuzi, nikakaza vizuri. Sijapata kukaza vile. Kila sauti ilitoka imeoga. Mama Yunisi akanipa chai na maandazi, tukasifiana. Jioni nikampa Daria kibanio. Akauliza nimekitoa wapi, nikasema nimemnunulia. Uongo mdogo tu wa kumfurahisha mke, si mnajua. Alikichomeka nywele zake zikiwa zimetoka kupakwa mafuta ya nazi, akajitazama kwenye kioo, akanitazama mimi, akasema mwaka huu nimekumbuka kumletea kitu. Nilijiona mwanamume.

Jumamosi asubuhi simu. Mama Yunisi safari hii hakusalimu.

"Fundi, umefanya nini? Mzee wa watu hali, hanywi."

Nilimkuta amekaa mbele ya piano, mtu mdogo, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Alinitazama, akabonyeza sauti moja. Ikalia safi. Akabonyeza nyingine. Safi. Akainua vidole vyake polepole kana kwamba vimeguswa na maji ya moto, akafunga kifuniko. Hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza. Mama Yunisi alikuwa na Kiingereza, na mzee alikuwa nacho kidogo, na kwa njia hiyo nikaambiwa: zile hazikuwa takataka. Alizitafuta ufukweni siku tatu, akaziweka moja moja kwa sikio, akisogeza upana wa ukucha. Hatua ya tatu ya wolzi yake haikutakiwa ilie kama nyingine. Ilitakiwa iburute. Hakuandika popote kila kitu kilikaa wapi, kwa sababu havikuwa vitu vya kuandikwa, vilikuwa vya ufukwe huu. Na ndipo Mama Yunisi, akiwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga, akanieleza habari za Michiko, na mama, na Jumatatu.

Nilitaka ardhi inimeze. Sikuharibu piano, vijana wangu. Nilikuwa nimemfuta mtu maneno mdomoni, na maneno yenyewe yalikuwa ya pole.

Tukaenda kwenye shimo la taka. Bahati walikuwa hawajachoma moto. Wazee wawili na msimamizi wa nyumba ya wageni, tumepiga magoti, jua linatupiga visogoni, tunachambua maganda ya ndizi na mifupa ya samaki kuhe kutafuta vipande vya kandambili. Vipande kumi na nane tukavipata. Tukaviosha, tukavianika juu ya kitambaa, tukarudi ukumbini, na hapo tukakwama. Kila kitu kiende wapi?

Nikatoa daftari.

Mama Yunisi alipomweleza ni nini, mzee akalishika kwa mikono miwili, akalipitia bila kuelewa neno. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nikahesabu vibonyezo kumi na nne kutoka kushoto, nikagonga mbao kwa kidole kimoja: ko. Akainamisha kichwa. Akachukua nati, akaiingiza kati ya nyuzi, akabonyeza. Nikatikisa kichwa, hapana. Akasogeza. Hapana. Akasogeza kidogo sana. Ko. Ndiyo. Tukaenda cha pili. Cha kafi nilikifanya kwa kiganja kwenye paja. Cha kukohoa nilikohoa. Kuna kimoja niliandika *mama anafunga kitenge*, na nikalazimika kumwomba Mama Yunisi asimame akifunge kitenge chake upya karibu na sikio la mzee, naye akafanya, huku akisema kwamba katika maisha yake hajapata kutumwa hivyo.

Yale masaa sikumbuki kama yalikuwa marefu au mafupi. Ziwa chini yetu lilikuwa limetulia, na mwanga kutoka majini ulikuwa unacheza juu ya dari. Mimi nilitoa sauti kwa mdomo na yeye akaitafuta kwenye nyuzi, na tulikuwa hatuna lugha hata moja ya pamoja. Nimefanya kazi na watu wanaozungumza Kiswahili safi kabisa, na hatukuelewana vile.

Kikabaki cha hamsini na mbili. Nikasoma: anataka kusema, anaacha. Mzee hakungoja mdomo wangu. Akatanua vidole viwili, miguu miwili ya kibanio, akavipeleka kichwani mwake kwenye mvi, akanitazama akiuliza. Nikatazama dari.

"Hicho hatujakiona shimoni," Mama Yunisi akasema.

"Labda nimeacha chombo nyumbani," nikasema, nikatoka.

Nyumbani Daria hayupo. Nikakumbuka. Siku ile ilikuwa arobaini ya Mzee Sadala, mwalimu wangu, na nilikuwa nimeahidi kwamba baada ya adhuhuri nitakuwa Ujiji kwenye hitima. Nikapanda bodaboda kama nilivyo, na tope la shimoni magotini.

Mnajua kunavyokuwa. Wanaume mbele, kwenye mikeka, wamemaliza kusoma, wamenyamaza wakisubiri chakula. Wanawake ua wa nyuma na masufuria. Mwanaume hapiti upande ule. Angepita kwa sababu gani? Kwamba anataka kibanio? Nikaamkia wazee, "Shikamooni," wakaitikia wakitazama magoti yangu, nikapita pembeni ya nyumba, nikasimama kwenye kona ya ua, nikaita kwa sauti ya chini. Kwanza akatoka Bi Zena mwenyewe, mjane, na kanga nyeupe.

"Zabroni mwanangu. Umechelewa."

"Nisamehe, mama. Namtaka Daria, mara moja."

Daria akaja anajifuta mikono. Nikamwambia naomba kibanio. Akadhani hakusikia. Nikarudia.

"Baba Neema," akasema, "umechelewa hitima ya mwalimu wako, umekuja mchafu hadi nyusi, halafu unadai kibanio changu mbele za watu? Si umesema umeninunulia?"

Masufuria yalinyamaza. Wanawake kama kumi hivi, miiko mkononi, wananisikiliza. Nikasema kweli, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kutafuta kitu kingine. Nikasema sikununua. Nikasema nilikiokota ndani ya kinanda cha mtu, na mtu huyo alikiweka pale ili aombe radhi, na kesho ndiyo siku yake, na keshokutwa anaondoka.

Nilitegemea kugombezwa. Daria akapeleka mkono nyuma chini ya mtandio, akakichomoa. Nywele zikamshuka shingoni. Akakiweka kiganjani mwangu, akakifunga kwa vidole vyangu mwenyewe.

"Mrudishie kwa mkono wako. Na mwambie ulikichukua. Usije ukasema kilianguka."

Nikamgeukia Bi Zena nimwombe ruhusa, maana sikuwa nimekaa hata dakika moja kwenye mkeka wa marehemu. Akanisukuma begani.

"Hitima imesomwa, imemfika. Angekuona umekaa hapa unangoja pilau wakati kinanda kimeachwa wazi huko, angekufukuza kwa kiti."

Nilimkuta Baba Michiko pale pale nilipomwacha. Nikafungua kiganja. Nikaonyesha nyuzi, nikaonyesha mfuko wangu, nikaonyesha kifua changu, mimi. Nikafanya vidole viwili kichwani na kusema "mke wangu", na Mama Yunisi akasema kwa Kiingereza, na akaniangalia kwa jicho ambalo bado nalikumbuka. Mzee akakichukua. Akakitazama, akakisogeza karibu na uso. Kilikuwa kinanukia mafuta ya nazi. Kinanukia kichwa cha mwanamke. Kilikuwa cha mkewe, na kwa miaka kumi na moja kilikaa kwenye kijisanduku hakinukii chochote.

Alikaa hivyo muda mrefu, kibanio puani, macho yamefumba, na mimi nikamkumbuka Mzee Sadala na kodiani yake. Kisha akainama kukiweka. Nikashtuka, mafuta yale kwenye nyuzi, nikatoa kitambaa changu haraka nikifute. Akanishika kifundo cha mkono. Hakunibana. Akatikisa kichwa tu, akakiweka vile vile.

Jumapili saa kumi Michiko akaja, nywele mbichi, ametoka majini. Akachagua kiti kilicho karibu na mlango. Mimi na Daria tulikaa nyuma na Mama Yunisi. Hakukuwa na mtu mwingine. Mzee hakuhutubia. Akaanza.

Ilikuwa wolzi, niliijua mara moja, moja ya kukaa na mbili za kupita. Lakini ya tatu haikupita. Ilichelewa, ikaja chini, kavu, nati na tete na kandambili, ikiburuta, halafu ya kwanza ikaja tena nyepesi kama hakuna kilichotokea. Mara nyingine ya tatu haikuja kabisa, ukaingojea, ukasikia mawimbi huko chini na mtu anaita abiria bandarini, kisha muziki ukaendelea. Nilijaribu kucheza kwa mguu chini ya kiti na nikakosea kila mara. Nikawaza, hapa Mzee Sadala angeanguka. Nikawaza tena, hapana, angeelewa kabla yangu.

Michiko alikuwa amekunja mikono. Baadaye kidogo mikono ikafunguka. Baadaye akasimama, nikadhani anatoka, na Daria akanishika mkono. Hakutoka. Akaanza kutembea pembeni ya ukumbi, kando ya madirisha, polepole, na alikuwa anachechemea. Hatua, hatua, buruta. Alitembea hivyo bila kukosea hata mara moja, kwa sababu alikwisha kutembea hivyo zamani, akiwa mdogo, ameshikwa mkono kwenda sokoni na mama. Mzee hakugeuka. Alimsikia kwenye mbao za sakafu, na akampigia yeye.

Sauti ya mwisho ilikuwa ya hamsini na mbili. Ikataka kusema, ikaacha.

Mimi nililia, sina haja ya kuwaficha. Michiko alikuwa amefika nyuma ya kiti cha babaye. Akasema neno moja kwa lugha yao. Mzee akashusha kichwa, halafu akaweka mikono pale ilipoanzia, akapiga tena yote. Miezi baadaye nikapata ujasiri wa kumwuliza Michiko alimwambia nini.

"Nilimwambia arudie," akasema.

Mzee alirudi kila kiangazi hadi miguu ikamkatalia. Sasa ni marehemu. Michiko hupiga wolzi ile mwenyewe, mara moja kwa mwaka, mlango umefungwa. Mama Yunisi amestaafu, na msimamizi mpya ni kijana msafi sana anayependa vitu vifanye kazi. Siku moja atawapigia simu. Atasema kinanda kinakohoa.

Mkifungua mtakuta nati, wavu, kandambili. Msiguse. Karatasi ya daftari nimeigundisha ndani ya ubao, kazeni nyuzi kwa kuzunguka vile vitu. Inachosha, lakini inawezekana, nimefanya hivyo miaka yote. Kibanio peke yake ndicho kinachotoka. Kila mwaka nilikitoa Ijumaa kabla ya siku ya kuipiga wolzi, nikampa Daria akakivaa hadi Jumapili, kisha nikakirudisha. Siku hizi anasema nywele zimekuwa chache na kinateleza. Basi mpeni mama, mpeni mke, mpeni dada, yeyote mwenye kichwa chenye mafuta, akae nacho siku mbili.

Na mkikirudisha kwenye nyuzi, msikifute.